Tulivyotafuta Miti ya Kufungia Machela Bila Kumwacha Mwenzetu Garini

Mwaka jana kundi letu la mtaani lilikwenda kulala msituni siku mbili, na mwenzetu mmoja akazimaliza siku zote mbili ndani ya gari. Haikuwa kwa kusudi. Tulikuwa tumepiga simu kabla, na aliyepokea akatuhakikishia kwamba mahali panafikika bila taabu, tulete hata wazee. Tulipofika tukakuta gari linasimama upande huu wa mtaro, miti ya kulalia iko upande wa pili, na katikati pana kidaraja cha magogo mawili. Mwenzetu anatumia kiti cha magurudumu. Alikuwa mkwezi wa minazi, akaanguka, mgongo ukaumia. Ni miaka tisa sasa. Tulimbeba tukamvusha, lakini ilipofika safari ya tatu ya kwenda chooni na kurudi, akatuambia, "Jamani, nirudisheni garini, nanyi mkapumzike." Usiku sisi tulipika na kuimba. Yeye alikuwa hatua sitini kutoka hapo, madirisha kayafunga kwa sababu ya mbu.

Tuliporudi mjini mamake alimuuliza safari ilikuwaje. Nilikuwa nimesimama pale mlangoni. Akamjibu, "Ilikuwa nzuri sana, mama."

Mwaka huu kundi limenipa mimi kazi ya kutafuta mahali. Nilikubali kwa sharti moja, kwamba sitakwenda peke yangu wala sitapiga simu; nitakwenda naye. Tumetumia Jumamosi tatu. Kwa kuwa wengi wameniuliza tuliyoyaona, nayaandika hapa kwa faida ya yeyote anayepanga kupeleka watu msituni, hasa kama kundi lake lina mzee, mgonjwa wa magoti au mtu wa kiti kama wetu.

Kwanza hiyo machela yenyewe. Wengi wetu tukisikia neno hili twafikiria kitanda cha kubebea mgonjwa. Zamani machela ilikuwa kitambaa kilichotundikwa kwenye mti mmoja mrefu, watu wakaubeba mabegani, na bwana mkubwa amelala ndani akipunga hewa. Neno lenyewe twalipata kwa Wareno. Ninayoisema hapa ni bembea hiyo hiyo ya kitambaa, ila badala ya mabega ya watu unaifunga kwenye miti miwili, na hakuna anayetoka jasho kwa ajili yako.

Kwa nini machela na si hema? Kwa sababu ya magoti. Hema hukulaza chini, na kuna watu ambao wakishalala chini hawainuki bila kuvutwa na wawili. Machela unaweza kuifunga kwa kimo cha kiti, ukakaa kwanza, kisha ukalala. Tena ardhi ya misitu yetu ina siafu, nge na unyevu, na mara nyingi haiko sawa. Kwa machela huna haja ya ardhi iliyo sawa pale unapolala. Unaihitaji pale unapopita, na hilo ndilo jambo ambalo hatukulijua mwaka jana.

Kabla ya kwenda popote tulifanya jaribio nyumbani kwao, baina ya mwembe na nguzo ya zege. Niliivuta machela ikakaza kama ngoma, nikidhani ikikaza ndiyo itamshika vizuri. Alipohama kutoka kwenye kiti ikampindua, tukamdaka hewani. Baadaye nilikaa nikapiga hesabu, nikaona kosa langu. Kamba ikishuka kutoka mtini kwa pembe ya nyuzi 30, kila mti hubeba uzito sawa na wa mtu mwenyewe: mtu wa kilo 80, kila mti kilo 80. Ukikaza mpaka pembe ikawa nyuzi 15, kila upande unavutwa kwa kilo 155 hivi. Ukikaza zaidi mpaka nyuzi 10, ni kilo 230. Mtu hajaongeza hata ratili moja, ni wewe uliyekaza. Ndipo mikanda hukatika na miti myembamba hung'oka. Na kitambaa kilichokazwa hakina tumbo la kumpokea mtu, kwa hiyo humtupa. Ilegeze, iwe na mkunjo kama tabasamu, kisha mtu alale mshazari kidogo, kichwa upande huu na miguu upande ule. Hapo mgongo hunyooka.

Vipimo vyetu tulivichukua kwa viungo vya mwili, kama mafundi wa zamani. Baina ya mti na mti iwe pima mbili na nusu, yaani mikono iliyonyoshwa mara mbili na nusu, ambayo ni mita 4.5 au karibu na hapo. Mkanda ufungwe mtini kwa usawa wa kichwa cha mtu wa wastani. Sehemu ya kukalia, mtu akiwa ameshakaa, iwe mkono mmoja kutoka ardhini, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Kwa mtu wa kiti cha magurudumu ongeza vidole vitatu vinne ili machela ilingane na kiti chake. Magurudumu yafungwe breki, mmoja ashike kingo za kitambaa zisifumbe, mwingine asimame nyuma ya kiti. Mwenzetu mikono yake ina nguvu za mkwezi bado, anahama mwenyewe. Sisi kazi yetu ni kushika kitambaa na kunyamaza.

Kuna jambo moja alilolisema yeye ambalo mimi nisingelifikiria. Miguu yake haina hisia. Mshono wa kitambaa au mkunjo chini ya paja unaweza kumkaa usiku kucha asijue, na asubuhi akaamka na kidonda kitakachochukua miezi kupona. Kwa hiyo ndani ya machela yake huwekwa godoro jembamba la sponji, na mara moja au mbili usiku mtu humwamsha ajigeuze. Hilo limeingia kwenye zamu zetu, sawa na zamu ya kulinda moto.

Sasa miti. Mkwezi wa minazi ni mwalimu mzuri wa jambo hili. "Kaka, usitazame shina. Tazama juu," aliniambia. Tawi kavu lililokwama kwenye matawi mabichi laweza kungoja mwaka mzima na kuanguka usiku ule uliolala chini yake. Mnazi hatuufungi kabisa, kwa sababu ya nazi na makuti. Mnyaa hatuukaribii, maana utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa. Tena kagua mimea inayotambaa kwenye shina: upupu ukikauka, upepo mdogo tu wapukutisha vinyweleo vyake, na kundi zima litajikuna mpaka alfajiri. Mti wenyewe uwe hai, mnene kuliko paja la mtu mzima, usitikisike ukiusukuma kwa bega.

Kamba ya katani hula gome la mti, na nailoni hurefuka ikilowa umande, ukaamka makalio yako yakiwa chini. Tulinunua mikanda mipana ya kufungia mizigo ya lori, upana wa sentimita 5. Haiumizi mti, na askari wa msitu akiiona hana neno.

Jumamosi ya kwanza tulikwenda Arabuko-Sokoke, Kilifi. Huu ndio mkubwa kuliko yote iliyosalia katika misitu mikavu ya pwani ya Afrika Mashariki, kilomita za mraba zipatazo 420, na nilikuwa na hakika tutamalizia hapo hapo. Ungeiona ile mirihi! Imesimama kwa nafasi, mashina yamenyooka, kivuli chepesi, upepo wapita chini. Nilipiga pima baina ya miti nikapata jozi tano za kufaa mahali pamoja. Nikageuka kumwambia mwenzangu, nikamkuta bado yuko kando ya gari, magurudumu madogo ya mbele yamezama.

Mirihi ya Arabuko-Sokoke imeota kwenye mchanga mweupe, laini kama wa ufuoni. Ndiyo sababu miti haikusongamana. Udongo ni maskini. Mtu wa miguu hauoni mchanga ule, anaukanyaga tu. Kiti cha magurudumu unakishika kama tope. Tulijaribu kukivuta kinyumenyume, magurudumu makubwa yakitangulia, ikawa nafuu. Tukatandika mikeka miwili ya plastiki, moja mbele ya mwingine, tukiuondoa wa nyuma na kuupeleka mbele. Ilisaidia kwa hatua kumi. Kutoka barabarani hadi kwenye miti ni hatua hamsini na zaidi, na mtu akitaka kwenda haja saa nane za usiku hatakuwa na subira ya mikeka, wala sisi hatutakuwa nayo.

Upande wa magharibi wa msitu udongo ni mwekundu, mgumu wakati wa kiangazi, na kiti kinapita bila kelele. Lakini huko vichaka vimesongamana mpaka huwezi kunyosha mikono, sembuse kunyosha machela. Ndiko anakokaa yule bundi mdogo wa Sokoke, asiyefika shibiri moja, na namwachia makao yake. Mvua ikinyesha udongo huo nao hugeuka gundi. Basi pale penye miti mizuri pana mchanga mbaya, na penye ardhi nzuri hapana pa kufunga mkanda. Tulikaa kwenye kivuli tukala mihogo ya kukaanga, tukaona sange mwenye matako ya dhahabu akikatiza majanini, tukarudi. Kwa kundi la watu wazima wa miguu hapo ni mahali pa kupendeza sana. Sisi hapakutufaa.

Jumamosi ya pili sina mengi ya kuisimulia. Tulishuka Mida, karibu na hapo. Njia ya mbao iliyotundikwa kwa kamba juu ya mikoko huyumba hata kwa mtu wa miguu, na mikoko yenyewe si ya kufungia chochote. Penye matope yaliyolainika mti wayumba na mtu wake, na bamvua likija maji yatakufuata ulipolala. Wengine walinishauri makaya. Nimeshangaa kwamba mtu wa pwani anaweza kutoa ushauri huo. Kaya ni mahali pa wazee na makaburi yao. Kuingia ni kwa ruhusa na kwa taratibu zake, na kutundika kitanda humo si jambo la kuomba hata kwa adabu. Magofu ya Gede pia, licha ya miti yake mikubwa, ni urithi wa kutembelewa mchana tu.

Jumamosi ya tatu tukapanda Kwale, Shimba Hills. Tulipitia Dongo Kundu, kwa kuwa mteremko wa kuingilia feri Likoni, pamoja na umati wake, si rafiki wa kiti cha magurudumu. Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 1968. Ipo juu ya vilima vinavyokaribia mita 450 juu ya bahari, kwa hiyo usiku kuna ubaridi na asubuhi kuna ukungu, jambo linalowashangaza watu wa Mji wa Kale wanaofika na shuka moja. Malipo ya kuingia ni ya mtandaoni, noti hazipokelewi. Maliza hilo nyumbani kabla simu haijakosa mtandao.

Kiwanja tulichokipenda hakiko mbali na lango kuu. Barabara ni ya murram, gari linafika mpaka kando ya majani, majani yamekatwa mafupi, na ardhi chini yake ni ngumu. Mwenzangu alishuka, akajisukuma mwenyewe, akazunguka kiwanja kizima bila kuguswa. Mimi nilikaa garini kwa makusudi. Akarudi akasema, "Hapa naweza kujifichia mtu." Tokea tuanze safari hizi sikuwa nimemsikia akitania.

Ukingoni mwa kiwanja pana miti mikubwa, mingine ni mibambakofi, mti ule ule uliochongewa milango ya majumba yetu ya zamani. Baadhi ni minene mno kwa mikanda yetu, lakini tulipata jozi tatu za kufaa. Tatu hazitoshi watu kumi na wanne. Hilo halikutusumbua, wenye magoti mazima watalala hemani. Tulimwonyesha askari wa zamu mikanda yetu na jozi tulizochagua. Jozi moja akaikataa.

"Mwanangu, tazama shina hili," aliniambia, akaweka mkono juu kuliko kichwa chake. Gome lilikuwa limelainika, lina tope kavu lililosuguliwa. "Huyo ni ndovu. Huja kujikuna hapa, na njia yake ni hiyo." Nilikuwa nimeitazama njia ile nikaisifu kwamba ni pana na laini, inafaa kiti cha magurudumu! Basi jifunze kusoma alama hizo: tope juu ya shina, kinyesi, njia iliyosawazishwa bila jembe. Machela haifungwi hapo, hata kama miti imepishana pima mbili na nusu barabara.

Habari ya ndovu ilitubadilishia ramani yote. Mtu wa miguu akisikia vishindo usiku ataruka akimbilie gari. Aliye ndani ya machela, kiti chake kiko kando, anahitaji dakika mbili na watu wawili. Kwa hiyo machela ya mwenzetu itafungwa kwenye jozi iliyo karibu na gari kuliko zote, hatua kumi na mbili, na gari litalala limeelekezwa njiani, ufunguo kwa mlinzi wa zamu. Chakula na matunda yote hukaa mbali na machela. Ndovu hunusa embe kabla wewe hujamwona.

Jambo la choo tulilimaliza wenyewe. Mwaka jana mlango wa choo ulikuwa sentimita 62, na kiti chake kina sentimita 66. Sentimita nne tu, na heshima ya mtu mzima ikapotea. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuzifikia sehemu zote kwa njia inayofaa, lakini msituni saa nane za usiku hakuna wa kumsomea ibara. Sasa popote tunapokwenda natembea na futi mfukoni. Tukapata pia kiti cha plastiki, tukakikata tundu katikati, tukaweka ndoo yenye kifuniko chini yake, na turubai la kuzungushia. Kitakaa hatua nane kutoka kwenye machela yake, upande usio na upepo. Kimetugharimu pungufu ya nauli ya siku moja.

Mbu wa machela wana ujanja wao. Chandarua cha juu hakitoshi, kwa sababu wanakuuma kupitia kitambaa cha mgongoni. Godoro lile la sponji ndilo kinga, na ndilo pia linalozuia baridi inayopanda kutoka chini. Mkanda nao ufunge uzi wa kudondoshea maji katikati yake, la sivyo mvua hufuata mkanda mpaka kitandani. Kina dada wana upande wao, umezungushwa turubai. Mahali pa kuswalia pamesawazishwa, na kibla kutoka Kwale ni kaskazini moja kwa moja.

Limebaki suala la maporomoko ya Sheldrick, ambalo nililiogopa. Njia yake hushuka bondeni kwa miguu ukisindikizwa na askari, na kupanda kwake humtoa jasho hata kijana. Kiti hakifiki huko, na kumbeba mtu mgongoni kwenye mteremko ule ni kumhatarisha yeye na mbebaji. Sikujua nimwambie vipi. Alinitangulia. Askari alikuwa amemwambia kwamba palahala, yule swala mweusi mwenye pembe zilizopinda nyuma kama majambia, hapatikani kwa wingi popote nchini Kenya ila hapa Shimba, na huonekana vizuri kutoka garini asubuhi mapema. "Nyinyi nendeni majini," akasema. "Mimi na wazee tutazunguka na gari. Mkirudi tutasikilizana nani aliyeona makubwa." Basi ratiba ina safari mbili asubuhi ile, na dereva ameambiwa kwamba ya gari ndiyo inayotangulia kuondoka.

Twaenda mwisho wa kaskazi, kabla masika hayajaharibu barabara. Nafasi moja ilikuwa imebaki kwenye nisani. Juzi mamake alinipigia, akaniuliza kama ni kweli hiyo machela unaweza kukaa bila kuchuchumaa, maana goti la kushoto linamsumbua. Nilimwambia aje apimiwe. Alikuja jana jioni, akakaa ndani yake chini ya mwembe, akabembea kidogo, akasema vidole viwili juu zaidi.